Mashamba makubwa ya kwenye televisheni: nianzie wapi na hekta zangu 20?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi na mdogo wangu tumeachiwa na marehemu baba shamba la hekta 20, kama ekari 50 hivi, tambarare, lenye kisima kimoja kilichochimbwa zamani. Mwaka mzima sasa kila jioni naangalia vipindi vya kilimo kwenye televisheni. Trekta linajiendesha lenyewe, kombaini linameza ngano mpaka upeo wa macho, nyanya zinavunwa na mashine bila mkono wa mtu, na nyingine zinaning'inia kwenye vitalu nyumba kama shanga. Kuna mkulima wa Marekani alionyeshwa amevuna tani 39 za mahindi kwa hekta moja. Mimi msimu uliopita nimepata tani 2. Sijui nakosea wapi. Mpango wangu ni kuchukua mkopo ninunue kombaini lililotumika kwa ajili ya hekta 12 za mahindi na ngano, nijenge kitalu nyumba cha hekta 1 kwa ajili ya nyanya, na hekta 7 nipande miti ya matunda, yote kwa msimu mmoja. Mdogo wangu anasema vipindi vile ni matangazo tu, hakuna cha kujifunza. Kati yetu nani yuko sahihi? Na kama nisianze na kombaini, nianze na nini?"*

Ndugu yangu, poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonigusa zaidi ni yale maneno ya katikati, "sijui nakosea wapi". Umeweka tani zako 2 kando ya tani 39 za mtu mwingine, ukajiona umeshindwa. Basi tuanzie hapo, kombaini litasubiri.

Nadhani uliyemwona ni David Hula wa jimbo la Virginia. Mwaka 2023 alishinda shindano la taifa la wakulima wa mahindi wa Marekani kwa zaidi ya busheli 623 kwa ekari, ambazo ndizo hizo tani 39 kwa hekta. Mavuno yale ni ya kweli na yalipimwa. Lakini mwaka huohuo wastani wa Marekani nzima ulikuwa kama tani 11, na wastani wa dunia haufiki tani 6. Yaani mkulima wa kawaida wa huko, mwenye trekta la kisasa na mbegu chotara, anavuna chini ya theluthi moja ya bingwa. Hata mabingwa wenyewe hawalimi kila hekta waliyonayo kwa namna ile, kwa sababu zile kilo za mwisho huwa ghali kuzipata kuliko zinavyouzwa. Kwa hiyo acha kuuliza utafikaje 39. Swali lako ni kutoka 2 kwenda 5, na hilo lina majibu.

Msimu ujao, wiki ya tatu baada ya mahindi kuota, ingia shambani na kamba. Kama mistari yako imeachana sentimita 75, pima mita 13 na sentimita 30 kwenye mstari mmoja, hesabu miche iliyosimama, kisha zidisha kwa 1,000. Hiyo ndiyo idadi ya miche kwa hekta. Rudia sehemu kumi tofauti za shamba, na usichague zile zinazopendeza. Ukipanda mche mmoja kila sentimita 25 unatarajia kama 53,000. Wengi nikiwahesabia tunakuta 25,000 au 30,000, na mwenye shamba anashtuka, kwa sababu kwa macho shamba linaonekana limejaa. Kwenye mashamba ya televisheni huwa ni 75,000 hadi 85,000, nayo inabebwa na maji na mbolea ya kutosha, kwa hiyo usiinakili.

Hesabu ya pili ni ya naitrojeni. Kila tani ya mahindi inayotoka shambani inaondoka na naitrojeni kama kilo 12 hadi 15. Tani 5 ni kilo 60 hadi 75. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 tu za naitrojeni, na si zote zinazofika kwenye mmea, kwani nyingine hupotea hewani ukiimwaga juu ya udongo bila kuifukia, na nyingine huzama na mvua. Ukiweka mfuko mmoja kwa hekta huku ukingoja tani 5, unaomba udongo ukukopeshe kitu ambacho pengine haunacho. Na kama udongo una tindikali kali, hata mbolea ya kutosha haitakusaidia sana mpaka uweke chokaa. Hapo sasa kuna magugu ya wiki tano za mwanzo, na kuna siku ya kupanda. Sina kifaa chochote cha kukuuzia katika hayo yote. Ni kamba, kipimo cha udongo na kalenda.

Mdogo wako naye amekosea kidogo. Vipindi vile si uongo. Tatizo lake ni kwamba kamera hufika siku ya mavuno. Haikuwepo mwaka uliotangulia wakati mtu anatafuta mnunuzi, wala usiku pampu ilipoharibika. Unaonyeshwa mwisho wa mnyororo mrefu, na kwa kuwa pete ya mwisho ndiyo inayong'aa, mtazamaji anaamini ndiyo ya kununua kwanza.

Sasa kombaini. Chukua lenye mdomo wa mita 10, likienda kilomita 6 kwa saa. Kwenye karatasi linakata hekta 6 kwa saa. Toa muda wa kugeuza, kushusha nafaka na kusafisha, tuseme linabaki na hekta 4. Hekta zako 12 ni kazi ya saa tatu. Saa tatu kwa msimu! Baada ya hapo linakaa bandani likiliwa na kutu na panya wa kutafuna nyaya, huku benki inahesabu riba kila mwezi. Lililotumika lina jambo lake zaidi: mkanda ukikatika siku ngano imekauka na mawingu yanakuja, unahitaji kipuri na fundi siku hiyohiyo. Kipuri cha wiki ijayo hakikufai kitu.

Jambo ambalo vipindi husahau kulisema ni kwamba hata huko Marekani baadhi ya wenye mashamba makubwa ya ngano hawavuni kwa mashine zao. Kuna vikosi vya wavunaji wa kukodi wanaoanzia Texas ngano inapoiva mwezi Mei, wanapanda kaskazini jimbo kwa jimbo wakiifuata inavyoiva, hadi Montana na mpaka wa Kanada ikifika Agosti au Septemba. Kombaini lile unaloliona shambani leo kesho liko kilomita mia kadhaa kutoka hapo. Linajilipa kwa sababu linafanya kazi miezi, si saa. Wewe kodi. Na kama wakulima wanaokuzunguka mnaweza kupanda aina moja ya mbegu kwa wiki moja, mwenye mashine atakuja kwa bei nzuri zaidi kuliko kumwita kwa hekta 12 peke yake.

Ukikodi, simama nyuma ya mashine. Hili nimelijifunza kwa dereva mmoja wa makamo ambaye kila alipoingia shamba jipya alikata mita hamsini, akasimamisha, akashuka, akapiga magoti kwenye makapi. Alipangua mabua kwa vidole, akaweka chini fremu ya waya ya mita moja kwa mita moja, akaanza kuokota punje za mahindi mojamoja huku akihesabu kwa sauti ya chini. Zikizidi 20 alirudi juu akapunguza upepo wa feni au mwendo. Punje 20 za mahindi kwa mita moja ya mraba ni kama kilo 60 zilizobaki chini kwa kila hekta. Alifanya hivyo mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Kwenye televisheni kipande hicho hukatwa, kwa sababu nani ataangalia mtu anayeokota punje? Lakini pale ndipo kulikuwa na pesa.

Lile trekta linalojiendesha nalipitia haraka. Mara nyingi dereva yumo ndani, ameachia usukani tu, na setilaiti inalishika kwenye mstari kwa tofauti ya sentimita 2 au 3. Faida yake ni kutorudia ulipokwisha kupita. Kifaa cha mita 10 kikipandana nusu mita kila njia, unapoteza asilimia 5 ya mbegu na mbolea. Kwa mwenye hekta 2,000 hiyo ni sawa na kupanda hekta 100 mara mbili. Kwako ni hekta 1. Weka vigingi na kamba.

Nyanya zinavunwa kwa mashine, ndiyo, ila si nyanya unazozifikiria. Zile ni za kiwandani, za kutengeneza nyanya za kopo. Historia yake inafundisha. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, mtaalamu wa mbegu Jack Hanna na mhandisi Coby Lorenzen walifanya kazi kwa miaka mingi, mmoja akitafuta mashine, mwingine akitafuta nyanya itakayoivumilia mashine hiyo. Mashine inakata shina zima, inalipandisha kwenye mkanda na kulitikisa. Ili hilo lifanikiwe, mmea lazima uwe mfupi, matunda yote yaive kwa pamoja, yawe magumu na yaachie kikonyo kwa urahisi. Mbegu hiyo ilipatikana, na mashine ikaingia mashambani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa muongo huo karibu nyanya zote za kiwandani za California zilikuwa zikivunwa hivyo. Ukichukua nyanya laini ya sokoni, inayoiva kidogokidogo kwa wiki sita au nane, ukaipitisha kwenye mashine ile, utapata uji. Kwa hiyo kabla hujatamani mashine yoyote ya mboga au matunda, uliza kwanza zao gani, mbegu gani, kwa mnunuzi gani. Jordgubbari, asparagasi, na lile jani la saladi unaloliona likifungwa palepale shambani, mpaka leo kwa sehemu kubwa vinavunwa kwa mkono au kisu, hata kwenye nchi tajiri kabisa.

Kitalu nyumba ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote katika mpango wako, kwa hiyo vumilia nikieleze kwa kirefu. Umeona vile vya Uholanzi. Vilivyo bora vinapata kilo 60 na zaidi za nyanya kwa mita moja ya mraba kwa mwaka, yaani tani 600 kwa hekta. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni paa. Paa ni sehemu ndogo sana. Mle ndani nyanya haigusi udongo, mizizi iko kwenye matofali ya sufu ya mwamba, yaani nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa, na kila tone la maji lina virutubisho vilivyopimwa. Mche umebebeshwa kwenye shina la aina nyingine yenye mizizi yenye nguvu. Hewa ya kaboni dayoksaidi inaongezwa mpaka mara mbili au zaidi ya iliyopo nje, ili majani yatengeneze sukari zaidi. Joto linaongozwa na kompyuta, na nyuki bambi wanaletwa kwenye visanduku kwa ajili ya uchavushaji. Shina moja hukua miezi kumi na zaidi, likishushwa taratibu kwenye kamba hadi linafika mita 10 na kupita. Na pamoja na utaalamu wote huo, gesi ilipopanda bei mwaka 2021 na 2022, baadhi ya wakulima wa vitalu wa huko walizima taa na kuacha vitalu vitupu, kwa sababu kupasha joto kulikuwa ghali kuliko nyanya zenyewe.

Ukiweka plastiki juu ya udongo wako wa kawaida unapata kitu kingine kabisa. Unapata mwavuli. Mwavuli una faida yake: mvua hailowanishi majani, kwa hiyo bakajani hupungua. Lakini ukipanda nyanya juu ya nyanya pale pale, msimu wa tatu au wa nne minyoo fundo na mnyauko wa bakteria huwa wameshajijenga, na kitalu hakihamishiki. Joto likipita nyuzi 35 mchana chavua hushindwa kufanya kazi na maua hudondoka. Na nondo wa Tuta absoluta, yule ambaye wakulima wengi wanamwita kantangaze, hupita kwenye kila wavu uliotoboka. Mdudu huyo alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Uhispania mwaka 2006, na ndani ya miaka michache akawa ameenea mabara mengine. Hajali plastiki.

Kuna pia mikono. Hekta moja ya nyanya za kufunga kwenye miti ina miche kama 22,000. Kila mche ukipewa nusu dakika tu kwa wiki, kufunga na kutoa machipukizi, ni saa 183. Hao ni watu wanne wa kudumu na bado kazi inabaki, kabla hujachuma tunda moja wala kupulizia dawa. Nyanya si zao baya, nalipenda sana. Ila anza na robo hekta ya nje, misimu miwili, uone kama wewe na mdogo wako mna moyo wa kuingia shambani kila siku, Jumapili zikiwemo.

Yote hayo yanategemea kile kisima ulichokitaja kwa maneno matano. Mimi ningekiandikia ukurasa mzima. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni lita 10,000. Siku ya jua kali zao lililofunga majani linakunywa milimita 5 hadi 6, yaani lita 50,000 hadi 60,000 kwa hekta kwa siku. Ile mashine ya duara uliyoiona, bomba refu lenye magurudumu linalozunguka, ilibuniwa na mkulima wa Marekani Frank Zybach aliyepewa hataza yake mwaka 1952. Bomba lake likiwa la mita 400 linamwagilia kama hekta 50. Kwa milimita 6 linahitaji lita milioni 3 kwa siku, sawa na lita 35 kila sekunde, usiku na mchana, bila kupumzika. Saudi Arabia ilitumia mashine hizo kulima ngano jangwani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilivuna kama tani milioni 4 kwa mwaka, ikauza nje. Picha za yale maduara ya kijani katikati ya mchanga zilikuwa nzuri ajabu. Maji yalikuwa ya kale, yaliyojikusanya chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka, na hayarudi. Mwaka 2008 serikali ikatangaza kupunguza ununuzi wa ngano ya ndani hatua kwa hatua, na kufikia 2016 ukasimama.

Basi chukua ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Washa pampu, acha maji yatulie, kisha pima. Ndoo ikijaa kwa sekunde 10 una lita 2 kwa sekunde. Kwa saa 8 za pampu hizo ni lita 57,600, yaani maji ya hekta 1 ya mboga, labda na kachembe. Hekta 1, siyo 8. Pima mwisho wa kiangazi, si masika, na uendeshe pampu kutwa nzima huku ukishusha kamba yenye uzito kuona maji ndani ya kisima yameshuka kiasi gani. Kisima kinachotoa vizuri saa ya kwanza kikakauka saa ya tano kimekudanganya. Kisha peleka lita moja maabara wapime chumvi. Umwagiliaji wa matone huokoa maji mengi kweli, lakini maji yenye chokaa, chuma au mchanga huziba vitundu vyake kimyakimya, na unagundua tu pale mistari mitatu inaponyauka. Usinunue mipira bila chujio, na chujio liwe la kusafishwa kila siku.

Kwa miti ya matunda nitakuwa mfupi, ingawa ndiyo inayohitaji subira kuliko yote. Yale mashamba ya tufaa uliyoyaona, mistari kama ukuta, yana miti 3,000 na zaidi kwa hekta kwenye mashina mafupi, yenye nguzo, waya na maji. Mtaji wote unazikwa kabla ya tunda la kwanza. Na mti ukishapandwa huwezi kubadili mawazo kama kwenye mahindi. Florida ilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa msimu wa 2003/04. Mwaka 2005 ugonjwa wa kijani wa michungwa, unaosambazwa na mdudu mdogo, uligunduliwa huko, na ukisaidiwa na vimbunga, msimu wa 2022/23 yalikuwa chini ya milioni 16. Wale walikuwa wakulima wa vizazi, wana vyuo vikuu nyuma yao. Kwa hiyo hekta 7 za aina moja ndani ya msimu mmoja, hapana. Panda nusu hekta, aina mbili au tatu, miche iliyobebeshwa kutoka kwenye kitalu kilichokaguliwa, na katikati ya mistari uendelee na mboga au mikunde mpaka kivuli kikuzuie.

Kitu ninachotamani ungekitazama tena kwenye vipindi vile ni kile kinachotokea baada ya kuvuna, sekunde chache kabla ya matangazo. Mboga iliyokatwa bado inapumua, na kila joto linapoongezeka nyuzi 10 inapumua haraka mara mbili hadi tatu, ikijila yenyewe. Bonde la Salinas, California, jani la saladi linalokatwa alfajiri linaingizwa kwenye chumba cha chuma na hewa inavutwa nje. Shinikizo likishuka, maji yaliyo kwenye majani huchemka yakiwa baridi, yanachukua joto na kuondoka nalo, na ndani ya nusu saa hivi saladi iko karibu na nyuzi 1. Hilo ndilo linaloiwezesha kusafiri kilomita elfu kadhaa. Lakini si kila kitu kinapenda baridi hivyo. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 ganda hugeuka kijivu na haliivi vizuri, na nyanya ya kijani nayo huumia. Wewe bila chumba cha ubaridi una njia zako: chuma alfajiri, weka kivulini palepale, tumia kreti badala ya kusukuma kilo 60 ndani ya tenga moja, na gari liwe limekwisha kuagizwa kabla ya kisu kuguswa.

Nafaka nayo usiifunge na unyevu. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu wa asilimia 13 au pungufu. Kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia punje theluthi moja na vijiko kadhaa vya chumvi iliyokaushwa, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Ukiharakisha, kuvu inayotoa sumukuvu inapata makazi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Je, ufanye nini hasa na hekta 20? Kwa nafaka ni eneo dogo, kwa mboga ni kubwa sana. Hilo ndilo ambalo picha za televisheni haziwezi kukuambia, kwa kuwa "kubwa" ya ngano na "kubwa" ya nyanya ni vitu viwili. Mimi ningeacha hekta 14 au 15 kwa mahindi na mikunde kwa kupokezana, kwa trekta na kombaini la kukodi, nikilenga tani 4 au 5. Robo hekta ya mboga mwaka wa kwanza, ikikua kulingana na ndoo ya kisima. Nusu hekta ya matunda. Zilizobaki ningekodisha kwa mkataba wa mwaka mmojammoja, hela ziingie bila jasho lenu wakati mnajifunza. Mkopo, ukibidi, uwe wa maji, chujio au mahali pa kukaushia na kuhifadhia, na uwe ule ambao mahindi peke yake yanaweza kuulipa mwaka mbaya. Najua mpango huu haupendezi kama ule wako. Mwaka wa nne ukiona soko linakuja kukutafuta na maji yapo, hapo upanue, na hata kitalu nyumba tutakijadili tena bila hofu.

Mnunuzi aje kabla ya mbegu. Muulize anataka ukubwa gani, kilo ngapi kwa wiki, kwa wiki ngapi mfululizo, na mzigo ukikataliwa nani anaubeba. Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia upande kidogo kila baada ya wiki mbili badala ya siku moja shamba zima. Hata wakubwa hulima mboga zikakosa bei na wakazigeuza chini na trekta, zikiwa bado mbichi na nzuri, kwa kuwa kuzivuna tu kungewaongezea hasara.

Kuna mambo ambayo mimi sitayamaliza kwa maandishi. Udongo upimwe maabara kabla ya kununua mfuko wa mbolea, ukichukua sampuli sehemu nyingi na kila aina ya udongo kwa mfuko wake. Usidharau hilo. Kule Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga wa mamilioni ya ekari ikitegemea matrekta, mengine masalia ya vita. Mvua ilikuwa haba, na kiangazi kilipofika udongo ule wenye mfinyanzi uligeuka kama saruji na karanga zikagoma kutoka. Mwaka 1951 ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zikapotea. Ukitaka kisima cha pili, mlete mtaalamu wa maji ya ardhini apime kwanza, kabla ya mwenye mashine ya kuchimba. Ukiona miche inanyauka ghafla ikiwa bado kijani, ing'oe mmoja na mizizi yake, umpelekee ofisa ugani siku hiyohiyo, usinunue dawa kwa kubahatisha. Mtu akipata kizunguzungu, jasho jingi au kutapika baada ya kupulizia dawa, hospitali mara moja na kibandiko cha chupa mkononi. Na kabla ya mkopo wowote wenye shamba kama dhamana, wewe na mdogo wako mkae na mwanasheria mkamilishe kwanza mirathi na majina kwenye hati, kila mmoja ajue sehemu yake.

Anza na ndoo. Ukishapata lita kwa sekunde za mwisho wa kiangazi, majibu ya chumvi na ya udongo, niandikie namba hizo tu, nitakupangia mboga za robo hekta ya kwanza wiki kwa wiki.